Mwalimu na Marehemu Wake

Mwalimu hakuwa mtu wa kukuuliza habari za nyumbani kabla ya habari za sauti. Ulimwamkia, "Shikamoo, Mwalimu," naye akaitikia, "Marahaba. Sauti haijambo?" Hapo ndipo ulipojua ameamkaje, kwa sababu siku akiwa na furaha alisubiri jibu. Nilipojifungua binti yangu Neema alikuja hospitalini na chupa ya chai ya tangawizi, akamsikiliza mtoto akilia, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Huyu ni sauti ya kwanza," akasema. "Pole, Mama Neema. Wewe utabaki kuwa ya pili." Mimi nilikuwa hoi kitandani, nikingoja kuambiwa mtoto amefanana na nani.

Nilimjua miaka kumi na minne, na kwao sitapaeleza kwa sababu mwenyewe hakupenda kupaeleza. Ukimuuliza kabila lake alikujibu, "Mimi besi." Alikuwa mwalimu wa kwaya yetu ya Kiswahili hapa Saint Paul, Watanzania na Wakenya kwa wingi, na wengine wachache waliojisikia kuimba nasi. Mazoezi yalikuwa kila Jumamosi saa tisa mchana, katika chumba cha chini cha kanisa la Wamarekani, ambao walitupa ufunguo pamoja na karatasi ndefu ya masharti kuhusu jiko. Siku za kazi alikuwa kwenye bohari kubwa kule Shakopee, akipanga maboksi pamoja na nusu ya Afrika Mashariki. Hakuna aliyemwita kwa jina. Hata kule bohari, niliambiwa, msimamizi wake Mzungu alimwita Mwalimu akidhani ndilo jina la ukoo.

Alipiga fidla, na aliongoza kwaya kwa upinde wa fidla hiyohiyo. Alianza kwa kutupigia wimbo mwenyewe, fidla kidevuni, macho amefumba, kisha katikati ya shairi upinde ukaruka kutoka kwenye nyuzi ukawa unatuelekeza sisi: ninyi juu, ninyi ngojeni, wewe wa tatu kutoka mlangoni unadanganya, hufungui mdomo. Upinde ule ulivunja taa ya dari mara mbili. Mara ya pili karatasi ya masharti iliongezewa sharti la kumi na mbili, kuhusu taa, na mwenye kanisa akamletea kijiti cha kuongozea kwaya, cheupe, ndani ya kiboksi chake. Mwalimu alishukuru sana. Kijiti kile alikuwa akikorogea chai.

"Marehemu aliongoza kwa upinde," alituambia. "Mimi ni nani nibadilishe?"

Huyo Marehemu lazima nimweleze sasa, maana bila yeye Mwalimu haelezeki. Alikuwa mpiga fidla wa karne ya kumi na tisa, hapahapa kwenye mji huu, mtunzi wa muziki na mwongozaji wa okestra ya ukumbi fulani ambao siku hizi ni maegesho ya magari. Mwalimu alimkuta kwenye duka la mitumba huko Anoka, mji wa zamani kando ya mto, alikokuwa akikaa Mwalimu mwenyewe. Alimkuta kwa maana ya kwamba alikikuta kitabu chake: jalada la buluu lililochakaa, ndani nyimbo za fidla alizotunga, na mbele yake dibaji ya kueleza maisha ya mtunzi. Kitabu kilitoka kwenye boksi la vitabu vya mapishi. Wenye mji walikuwa wamemsahau kabisa. Mimi nilimtafuta kwenye simu kwa jina la ule ukumbi wake, nikakosa hata picha. Mwalimu hakuwahi kumtaja jina mbele yetu, alisema si adabu kulitamka jina la mzee ambaye hatujaimba hata wimbo wake mmoja. Kwa hiyo alikuwa Marehemu tu, na alihudhuria mazoezi kuliko baadhi ya wanakwaya.

Na hapo ndipo ilipokaa hamu ya Mwalimu, hamu moja ambayo hakuificha. Alitaka kuusikia muziki wa Marehemu ukipigwa, kabla hajafa au kabla hajarudi nyumbani, lolote litakalotangulia. Alilisema hilo kila mwaka na macho yakimlengalenga. Tulimwambia, si upige mwenyewe, Mwalimu, fidla unayo na kitabu unacho? Alikifunga kitabu taratibu. "Bado," alisema. "Muziki wa Marehemu haupigwi kwa papara." Tukaona ni heshima, tukanyamaza.

Mama Wanjiru ndiye aliyetuvunja mbavu katika jambo hili. Alikuwa mgeni, Mkenya aliyehamia kutoka jimbo jingine, muuguzi kama mimi, mwanamke asiye na muda wa kupoteza. Jumamosi yake ya kwanza alimsikia Mwalimu akilalamika kwa uchungu, "Marehemu asingekubali mwimbe hivi. Marehemu angeumia." Aliketi, akainamisha kichwa, hakuuliza kitu. Jumamosi iliyofuata aliingia amevaa nyeusi, nyuma yake mumewe amebeba sufuria la ndengu na beseni la chapati limefunikwa kwa kanga. Simu zetu zote zilikuwa zimeshalia asubuhi ile: tumeingizwa kwenye kundi la WhatsApp liitwalo Msiba wa Marehemu, watu arobaini na kitu, wengine hatuwajui.

"Poleni sana, wapendwa," alisema amesimama mlangoni. "Sasa nani ni chair wa committee? Body inaenda home ama tunazika hapa? Mimi niko na off hadi Tuesday, naweza ku-drive watu."

Mtu wa besi alitoka nje kwenda kucheka kwenye theluji. Mimi nilimvuta Mama Wanjiru pembeni, nikamweleza kwamba marehemu mwenyewe alikufa kabla babu zetu hawajazaliwa. Alishika mdomo. "Woiye! Na vile nimelia kwa gari!" Nilimtazama Mwalimu nikidhani atakasirika. Alikuwa amesimama na fidla kwapani, machozi yanamtoka waziwazi.

"Huyu mama," alisema, "ndiye mtu wa kwanza kumlilia katika zama zetu. Leteni sahani."

Tangu hapo kila mwaka, Jumamosi ya kwanza baada ya barafu kuyeyuka mtoni, tulifanya msiba wa Marehemu: chapati, ndengu, pilau la upande wetu, na Mwalimu akisimulia. Mama Wanjiru akawa mwenyekiti wa kwaya. Kundi la WhatsApp halikubadilishwa jina hadi leo, na humo ndimo tunamotangaza harusi.

Visa vya Marehemu vilikuwa vingi, na Mwalimu alivisimulia kana kwamba alikuwepo. Alisema Marehemu alipanda meli ya mvuke kuja juu ya mto huu akiwa ameificha fidla yake ndani ya koti, kifuani, kwa sababu wenye meli walitaka aiweke pamoja na mizigo, naye akasema heri wamweke yeye pamoja na mizigo. Alisema mchana alibeba magunia ya unga kwenye vinu vya Minneapolis, vidole vikavimba asiweze kufunga vifungo vya shati, lakini jioni vilifunguka vikishika upinde. Alisema kulikuwa na kipindi cha baridi ambapo wapigaji wa okestra walikuja watatu tu, Marehemu akawapanga wale watatu akaongoza muziki mzima, akielekeza upinde kwenye viti vitupu pia zamu zao zilipofika. Kisa hiki kilitugharimu. Kiliwekwa kuwa sheria. "Wakija watatu, kwaya ipo," alisema Mwalimu, na kuna Jumamosi ya baridi kali, barabara zimefungwa, nilipoendesha gari kutoka Woodbury kwa mwendo wa konokono, tukawa mimi, yeye na Mama Wanjiru. Tuliimba mpaka mwisho. Aliviongoza hata viti.

Kisa nilichokipenda mimi kilikuwa cha mke. Mke wa Marehemu alibaki ng'ambo ya bahari kwa miaka mingi, na kila barua aliyoandikiwa na mumewe ilikuwa na mstari mmoja wa wimbo chini kabisa. Mke aliuimba, kisha kwenye majibu yake akaandika sauti ya pili ya mstari uleule. Hivyo wakaimba pamoja, barua kwa barua, wimbo mmoja ukachukua miezi. Kina mama wote wa sauti ya pili tulikiomba kisa hiki kila msiba. Mwalimu alijifanya amechoka kukisimulia, kisha akakisimulia.

Msidhani alikuwa malaika. Alichukia vinanda vya umeme vyenye ngoma ndani, akiviita mashine za kusagia, halafu nikamkuta mara mbili jikoni akinyonganyonga bega kwa wimbo wa injili wa kinanda hichohicho. Aliilaani theluji kuanzia mwezi wa kumi hadi wa nne, ila alipopata nafasi ya kuhamia kwenye joto alikataa, eti huko hakuna mto wa Marehemu. Kwenye mazoezi hakuchelewa hata dakika. Harusini, kwenye miadi ya daktari, na kwenye ubatizo wa Neema ambako yeye ndiye aliyekuwa na wimbo, alifika wakati watu wanakunja viti.

Lakini alikuwa na neno moja ambalo lilinilea mimi, na nawaambia hata wanafunzi wa uuguzi ninaowafundisha kazi. Mtu akiimba kwa kunong'ona ili kosa lake lisisikike, Mwalimu alisimamisha kwaya yote. "Ukikosea, kosea kwa sauti," alisema. "Ukinong'ona nitakusaidiaje?" Hakumdhihaki aliyekosea, hata mara moja. Alimdhihaki aliyejificha.

Nyimbo zetu aliziandika kwa mkono, kwa solfa, zile herufi za do, re, mi ambazo kwaya za nyumbani zote huimbia. Karatasi zake zilikuwa chafu kwa penseli: mishale, duara, "pumua hapa", "Mama Neema usikimbie". Safari moja mchungaji wa lile kanisa la Wamarekani alimletea wimbo wa pamoja wa Pasaka, umeandikwa kwa nota za mistari mitano kama wao wanavyoandika, akamwomba atuonyeshe kidogo. Mwalimu aliishika karatasi, akaitazama kwa heshima, akasema kwa Kiingereza kwamba amesahau miwani. Miwani ilikuwa juu ya kipaji chake cha uso. Sote tulicheka, tukidhani ni uzee.

Majira ya baridi yaliyopita ndipo alipotutangazia kwamba mwezi wa tano anarudi nyumbani moja kwa moja. Bohari imetosha, alisema. Kwaya ililia, Mama Wanjiru akaunda kamati siku hiyohiyo. Wiki mbili baadaye bomba la maji lilipasuka kwa baridi kwenye jengo lake huko Anoka, akanipigia simu akisema njoo upesi. Nilidhani kaumia. Nilipofika alikuwa amesimama kwenye ngazi, suruali imelowa hadi magoti, na kitabu cha buluu ndani ya mifuko mitatu ya plastiki.

"Nenda nacho Woodbury," aliniambia. "Kwako ni pakavu. Mimi nitaogelea tu."

Nikakaa nacho. Siku mbili sikukifungua, siku ya tatu nilishindwa. Nilikilaza juu ya meza ya jikoni, na Neema, ambaye sasa ana miaka kumi na mitatu na anapiga fidla kwenye okestra ya shule, akaja kusimama nyuma yangu. Mtoto huyu anaelewa kila neno ninalomwambia, ila mdomo wake umejiandikisha Marekani.

Dibaji ilikuwa ukurasa mmoja. Ukurasa mmoja tu, umechoka kwa kushikwa, kona zimekunjika, juu ya maneno magumu ya Kiingereza Mwalimu ameandika maana kwa penseli. Niliusoma. Ulisema mtunzi alipiga fidla, aliongoza okestra ya ukumbi ule kwa upinde wake, alifundisha watoto wa mji, na wanafunzi wake ndio waliochapisha kitabu alipokufa. Meli haimo. Vinu vya unga havimo. Wale wapigaji watatu na viti vitupu hawamo. Na kuhusu mke, dibaji ilisema wazi kwamba hakuwahi kuoa, aliishi na dada yake.

Nikafungua kurasa za muziki. Zilikuwa safi. Nota za mistari mitano, ukurasa baada ya ukurasa, na hakuna alama hata moja ya penseli, hakuna "pumua hapa", hakuna hata doa la chai. Mtu ambaye hakuweza kushika karatasi ya wimbo dakika tano bila kuichora, kitabu hiki alikaa nacho miaka yote ile na hakukigusa.

"Mom," Neema akasema polepole, "he can't read it, can he?"

Nilikaa kwenye kiti. Nakumbuka kwanza nilimkasirikia, kwa ajili ya ile Jumamosi ya barabara zilizofungwa hasa. Halafu hasira ikaondoka yenyewe, nikabaki na huruma. Huyu mtu tulimwita Mwalimu mpaka hana jina jingine. Angemwambia nani kwamba nota hizi hazijui? Angeanza kujifunza kwa nani, kwa mtoto gani wa shule, na yeye mzee wa watu anayetuongoza? Miaka yote alikuwa amekaa na chakula mbele yake, mikono imefungwa na cheo tulichompa sisi. Na mwezi wa tano ulikuwa unakuja, angeondoka bila kuusikia.

"I could just play it for him," Neema akasema. "It's in D. It's not even hard."

"Hapana," nikamwambia. "Ukimpigia wewe, uso wake ataupeleka wapi?"

"So what do we do?"

"Utanifundisha mimi."

Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Lakini alinifundisha. Tulichagua wimbo wa mwisho kitabuni, mfupi, wa taratibu, na Jumapili mchana tulikaa mezani, mimi na miaka yangu arobaini na miwili, nikihesabu mistari kwa kidole kutoka chini kwenda juu. Mistari ina majina yake, nafasi zilizo katikati ya mistari zina majina yake, na mimi nilikuwa nazichanganya kila mara. "Mom, that's a space. That's a line. Line. Space," alisema Neema, kwa uvumilivu uleule niliokuwa nao mimi nikimfundisha kufunga kamba za viatu, yaani mdogo sana. Kila nota niliyoijua niliigeuza kuwa herufi ya solfa. Nilifanya hivyo wakati wa mapumziko kazini, nilifanya hivyo kwenye gari nikimsubiri Neema atoke shule. Nilikuwa na furaha ambayo sikuitarajia, na sikumwambia mtu, hata Mama Wanjiru, ambaye angeunda kamati.

Mwezi wa nne uliisha karatasi yangu ikiwa safi, imeandikwa kwa kalamu, safu sita za solfa.

Nilikwenda kumwona Jumamosi moja asubuhi, wiki aliyokuwa akisafiri. Neema alibaki nyumbani. Chumba chake kilikuwa kimefungashwa, maboksi yamepangwa ukutani kwa ustadi wa mtu wa bohari, yamebaki viti viwili, chupa ya chai na fidla. Dirishani mto ulikuwa umejaa maji ya theluji. Alinimiminia chai, akaikoroga kwa kile kijiti cheupe.

"Sauti haijambo?"

"Haijambo, Mwalimu. Nimekurudishia Marehemu." Nikaweka kitabu juu ya boksi. Kisha nikatoa karatasi, na hotuba niliyoifanyia mazoezi njia nzima kutoka Woodbury. "Na nimekuja na ombi la kwaya. Sisi wanakwaya nota za mistari hatuzijui, unatujua. Kwa hiyo nimejaribu kuandika wimbo mmoja kwa solfa, ili wewe ukishatupigia sisi tuweze kufuata. Sijui kama nimepatia. Nimekosea kwa sauti."

Aliichukua. Aliitazama muda mrefu sana, mpaka nikaanza kujuta.

"Ninyi wanakwaya hamzijui," alisema.

"Hatuzijui, Mwalimu."

"Haya."

Aliiegemeza karatasi kwenye chupa ya chai, akainua fidla, akafumba macho, akayafumbua tena kwa kuwa safari hii alihitaji kusoma. Akapiga. Sina elimu ya kueleza muziki. Ulikuwa wimbo mdogo, unaokwenda bila haraka, unapanda ngazi tatu unashuka mbili, kama mtu anayerudi nyumbani kwa miguu na mzigo si mzito. Machozi yalinitoka nikayaacha. Nilikuwa nawaza kwamba hakuna mtu aliyeusikia wimbo ule tangu lini sijui, na sasa tunausikia mimi na yeye na maboksi.

Safu ya nne, katikati, akasimama.

Akarudi nyuma kidogo, akapiga tena, akasimama palepale. "Hapa umeandika do."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Siyo do. Ni re."

"Mwalimu, niliandika nilichokiona."

"Sikiliza." Akapiga do, kwa sauti kubwa, ili nilisikie kosa langu vizuri. "Do ni nyumbani. Amefikaje nyumbani hapa, na bado ana safu mbili nzima za kutembea? Marehemu hana haraka hiyo. Anafika mlangoni, anasita. Re." Akapiga re, na kweli wimbo ukabaki na mguu mmoja hewani, ukisubiri.

Kitabu kilikuwa juu ya boksi kati yetu. Hakuna aliyekifungua. Akaurudia wimbo wote, na re yake, mpaka ukafika nyumbani mwisho kabisa, ambako niliandika do, naye akaiacha ilie mpaka ikaisha yenyewe.

"Kumbe alikuwa mpole," akasema. Alikuwa akitabasamu kama mtu aliyepewa mtoto amshike. "Miaka yote hii nawagombeza kwa jina lake, kumbe mtu mwenyewe mpole hivi."

Simu yake ikalia, akaiweka kwenye spika. Alikuwa mke wake, kule nyumbani saa moja usiku, anauliza masanduku yamefika mangapi. "Subiri, mama," Mwalimu akasema, akaiweka simu karibu na mdomo, akamwimbia kwa la-la-la mstari wa kwanza wa Marehemu. Kisha, kutoka ng'ambo, sauti ya mwanamke mzee ikaurudia mstari uleule, ila chini yake, sauti ya pili, bila kuuliza ni wimbo gani. Alifanya hivyo kama mtu aliyezoea. Nikatazama chai yangu. Nikaelewa kisa cha barua kilitoka wapi, na kile cha koti, na kile cha vidole vilivyovimba.

Alipomaliza alinisindikiza hadi kwenye ngazi. Nilipokuwa navaa viatu alirudi ndani, akatoka na kitabu cha buluu, akaniwekea mikononi.

"Kaa nacho wewe," akasema. "Mimi ukurasa wangu mmoja nilishaumaliza zamani."

Nilikosa pa kutazama. Kisha nikaona yeye hana aibu yoyote, ametulia kabisa, nami utani ukanirudia.

"Lakini Mwalimu, ukurasa wenyewe unasema hakuoa."

"Najua."

"Na wewe ukamwoza."

Akacheka, akikamata ukuta. "Sasa Mama Neema, ningemwacha peke yake miaka yote hiyo, na baridi hii?"

Tuliagana hivyo, anacheka. Safari yake ilikuwa njema, na kwaya ya huko anakofundisha sasa imeshaanza kulalamika kuhusu upinde.

Siku ile niliketi kwenye gari na sikuliwasha. Nilifungua kitabu ukurasa wa mwisho, nikaitafuta safu ile, nikaipata nota yenyewe. Nilihesabu mistari kwa kidole, kutoka chini, kama Neema alivyonifundisha: mmoja, wa pili, wa tatu, wa nne. Nota haikukaa kwenye mstari wa nne wenyewe, ambao ndio do. Ilikaa kwenye nafasi iliyo juu yake. Nilihesabu tena, na tena. Nikatoa kwenye mkoba kalamu na nakala ya ile karatasi niliyobaki nayo, nikaikata do, nikaandika re.